Mimea Kumi ya Jumatatu

Bangwe ilikosa kidogo tu kuwa kisiwa.
Ziwa limeizingira pande tatu, la nne likaliacha:
shingo ya ardhi, barabara moja, michikichi michache.
Kwa shingo hiyo tulipita saa moja asubuhi,
mimi na Kezia wa kidato cha tatu,
yeye na daftari, mimi na kisu, magazeti makuukuu
na mbao mbili za kukandamizia.
"Kumi, mama. Mwalimu Ntakije hapokei tisa."

Kilima si kirefu.
Goti langu lilikuwa na maoni mengine.

Wa kwanza ulipatikana kabla ya jasho: kifauwongo,
kwenye unyevu wa bomba linalovuja.
Kezia akakigusa. Kikafumba majani, kikafa
kifo chake cha kila siku.
Ikabidi tuchuchumae tungoje kifufuke,
maana, alisema, hakiwezi kubandikwa kimenuna.

Kisha msasa. Alichuma majani mawili,
moja la mwalimu; kwa la pili akasugua kucha
mpaka ile rangi inayokatazwa shuleni ikatoka yote.
Nikajifanya natazama ziwa.
Jani la mwalimu tukalilaza juu ya habari za mechi
iliyokwisha bila bao.

Mchikichi. Mbula. Mtonga, na tunda lake gumu
ambalo halikukubali kulala kati ya mbao,
tukalitia mfukoni.
Mwezi wa tisa, mvua bado, nyasi zinavunjika kama biskuti.
"Na huu je?" aliuliza.
Nikasema: huo hushika moto kwa kubembelezwa,
ukishashika, maharage yanaiva nawe umelala.
"Na ule?"
Ule una cheche, utakutoboa kanga.
Na ule wa bondeni, moshi wake unauma macho,
mama mmoja wa Mwanga alinirudishia gunia zima.
"Mama," akasema, kalamu hewani, "nimeuliza jina."

Daftari lake lina safu: mzizi, shina, jani, ua, matumizi.
Safu ya majivu haipo.
Majina nilikuwa nayo, ila ya Kiha,
niliyatamka taratibu naye akayaandika kwa penseli,
ya Kilatini angeyatafuta maktaba.

Tulifika tisa karibu na kilele.
Kongo ng'ambo imejifunika ukungu,
chini yetu dagaa wameanikwa, mchanga unameta.
Wa kumi aliuona yeye:
kisiki kipana kama ungo, cheusi upande mmoja,
na kutoka ubavuni mwake vichipukizi saba
vinavyomzidi Kezia kimo,
majani machanga mekundu, kama masikio ya mtoto
aliyesimama mbele ya jua.

Sikuhitaji kuinama.
Kata za shoka zilikuwa zimelalia kushoto.

Magunia matatu, mti huo. Mwaka wa darasa la kwanza:
sare, viatu vya kukulia, na madaftari
yenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Usiku mbili nilizilinda tanuri, udongo ukitoa pumzi,
nikiziba nyufa kwa viganja.

"Mtundu," nikasema. Hilo nililijua kwa Kiswahili.
"Na nani aliukata?"
"Mtu wa shoto."
Kezia akatazama kisu,
mkono ulioshika kisu,
kisha chipukizi nililokuwa nimekwisha kulikata,
dogo, la chini, lisilotegemewa na mengine.
Hakusema neno.
Kwenye safu ya matumizi aliandika kitu kifupi
akakifunika kwa kiganja mpaka wino ukauke.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, waulize wenye magoti.
Alitangulia hatua moja,
bega lake likawa fimbo yangu, wala sikuliomba.

Usiku tulitafuta kitu cha kukandamizia zile mbao.
Mawe yalikuwa machache, mfuko wa unga umebaki nusu.
Tukaziingiza chini ya godoro langu,
kwa kuwa mimi ndiye mzito nyumbani.
Ijumaa, Jumamosi, Jumapili:
nimelala juu ya kilima kizima,
chali,
bila kugeuka.